Majarida ya Mbilikimo Mweupe na Zimwi la Bibi

Mpwa wangu alikuja kukaa kwangu shule zilipofungwa, kompyuta yake begani, na usiku wa pili nikamkuta yu macho saa saba, taa imezimwa, uso wake umepakwa buluu ya skrini. Kwenye skrini alisimama mwanamke mwenye ngozi ya kijani iliyochanganyika na manjano, mfano wa embe linaloanza kuiva, pua fupi kama iliyobinywa kwa vidole viwili, na deraya ya chuma mwili mzima.

"Huyu ni nani?"

"Lae'zel, mjomba. Si binadamu huyu. Ni githyanki."

Nikavuta kiti nikaketi. Neno hilo sikuwa nimelisikia likitamkwa tangu utotoni, na wakati ule hata sisi tuliokuwa tukilisoma kila siku tulibishana linatamkwaje.

"Hawa nawajua," nikamwambia. "Aliyewatunga alikuwa mdogo kuliko wewe."

Hakuniamini, na simlaumu. Mchezo anaoucheza, Baldur's Gate 3, uliozaliwa na ule wa mezani tuliocheza sisi utotoni, ulitoka mwaka 2023, umetengenezwa na kampuni ya Larian ya Ubelgiji, na kila anayesema neno ndani yake ana mwigizaji wake. Mtu wa miaka kumi na saba ataamini vipi kwamba madubwana ya kazi kubwa kama hiyo yalitoka kwenye kichwa cha mwanafunzi aliyeandika barua kwa jarida? Nikaingia chumbani, nikalivuta sanduku la bati kutoka uvunguni.

Ndani mna majarida kumi na moja ya mchezo huo wa mezani. Yalikuwa thelathini na kitu. Hewa ya chumvi ya Tanga imekula pini za katikati zikaacha alama za kutu kwenye mkunjo, na yale ya chini yalipitiwa na mchwa masika mmoja ambapo sikuwapo nyumbani. Yaliyobaki karibu yote ni White Dwarf la Uingereza, na mawili ni Dragon la Marekani. White Dwarf maana yake ni mbilikimo mweupe, lakini pia ndivyo wanajimu wa huko wanavyoita nyota ndogo iliyokwisha kuchoma kuni zake. Mhariri wake wa kwanza, Ian Livingstone, alilipenda jina hilo kwa sababu lilifaa kotekote, kwa wapenzi wa ngano za majoka na kwa wapenzi wa hadithi za anga za mbali. Chini kabisa ya sanduku kuna kopo la maziwa ya unga lenye dadu, na daftari la shule lenye jalada la kijivu. Daftari nitalifikia.

Baba alikuwa ofisa wa kilimo. Mwaka 1981 alipata nafasi ya kusoma Reading, mji ulio magharibi mwa London, na mwaka uliofuata akatuita mimi na Mama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilifika na Kiingereza cha darasani Tanga, ambacho kilinitosha kumjibu mwalimu na hakikunitosha kabisa uwanjani wakati wa mapumziko. Kwa hiyo wakati wa mapumziko nilikaa maktaba. Huko ndiko nilikokutana na kitabu kilichotoka mwaka huohuo wa 1982, The Warlock of Firetop Mountain, cha Livingstone na mwenziwe Steve Jackson. Kina vipande 400 vyenye namba, na havisomwi kwa kufuatana. Unasimama kwenye njia panda ndani ya mlima, unaamua kwenda kulia au kushoto, na kila uamuzi una namba yake ya kuifuata. Ukikutana na adui, unarusha dadu. Kitabu kizima kinakuita "wewe". Nilikuwa na miezi minne katika nchi ile, na hapakuwa na mtu rika langu aliyenisemesha kwa urefu ule.

Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu aliniona nacho mkononi. Familia yao ni Wapunjabi waliotoka Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, na mama yake bado alikuwa akihesabu vitunguu kwa Kiswahili. Siku aliyomsikia Mama akiniita kutoka dirishani alitoka nje na mikono yenye unga, akasema "Karibu, mama," na tangu hapo nyumba zile mbili zikawa kitu kimoja. Rafiki yangu akanipeleka chumba cha juu kwa kaka yake. Kaka alikuwa na kile kisanduku chekundu cha Dungeons & Dragons cha mwaka 1981, na rafu nzima ya majarida.

Niueleze mchezo wenyewe kwa asiyeujua. Mmoja wenu ni mtambaji. Yeye anaujua ulimwengu wa hadithi, anakaa na ramani yake nyuma ya kizuizi cha karatasi. Waliobaki kila mmoja ana mtu wake, mpiganaji, mchawi, kasisi au mwizi, aliyeandikwa kwenye karatasi na namba zake za nguvu, akili na wepesi. Mtambaji anasema: mmesimama mbele ya mlango wa mti uliooza, mnasikia maji yanadondoka ndani. Mnafanya nini? Basi hapo ndipo mchezo unapoanzia. Sisi tuliolelewa kwenye mikeka ya bibi zetu tunaujua mwito wa "Paukwa!" na jibu la "Pakawa!", tunajua hadhira huitikia, huimba, hushika mbavu kwa kicheko. Lakini sungura atamshinda fisi tu, upende usipende. Chumba kile cha juu, hadhira ilikuwa na haki ya kumwambia fanani: hapana, sisi tunapita dirishani.

Dadu za kisanduku kile zilikuwa za plastiki, nyingine za pande nne, nyingine nane, kumi na mbili, hadi ishirini, na namba zake hazikuwa na rangi. Ndani ya kisanduku waliweka kipande cha kalamu ya nta. Unaisugua juu ya kila upande mpaka nta iingie kwenye mikato ya namba, kisha unafuta kwa kidole gumba. Nikifumba macho naweza kuihisi ile nta ikikusanyika chini ya ukucha. Hata dadu zilitaka umalizie mwenyewe.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema juu ya michezo ile ya mwanzo, maana sioni likisemwa vya kutosha: ilikuja haijaisha. Dungeons & Dragons ilitoka Januari 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Gary Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima na akitengeneza viatu nyumbani ili kulisha watoto. Mwenziwe Dave Arneson, kijana wa Minnesota, alikuwa na kikundi chake kilichozurura kwenye mapango ya nchi ya kubuni iitwayo Blackmoor, ambako kila mchezaji alikuwa mtu mmoja na si jeshi zima kama ilivyokuwa desturi ya michezo ya vita. Wakaunganisha mawazo yao. Nakala 1,000 zilichapishwa, zikafungwa kwa mikono kwenye visanduku vyenye sura ya mbao, bei dola 10, na zilichukua karibu mwaka mzima kumalizika. Ndani mlikuwa na vitabu vitatu vidogo vilivyoandikwa kwa haraka na watu wanaojua wanachokisema kiasi cha kusahau kwamba msomaji hakijui. Vilimtaka msomaji awe pia na kitabu kingine cha kanuni za vita. Kwa safari za porini vilimwelekeza akatafute ubao wa mchezo wa kampuni nyingine kabisa. Ni sawa na kuuziwa pishi la pilau linalosema: viungo muulize jirani.

Watu wakaulizana kweli. Mtu wa California alimwandikia mtu wa New York: nyie mchawi akiishiwa na nguvu mnafanyaje? Barua zikazaa vijarida. Mwaka 1975 huko Los Angeles, Lee Gold alianzisha Alarums and Excursions, ambapo kila mchangiaji aliandika kurasa zake mwenyewe, zikakusanywa, zikabanwa pamoja na kurudishwa kwa wote kwa posta. Kazi hiyo ilidumu kwa takriban miaka hamsini. Kampuni ya Gygax nayo, TSR, ilianza na The Strategic Review mwaka huo wa 1975, na Juni 1976 likatoka The Dragon. Yaani majarida hayakuja kuupamba mchezo uliokamilika. Yalikuja kuziba mapengo, na wazibaji walikuwa wachezaji wenyewe.

Upande wa Uingereza ulianza na vijana watatu waliopanga nyumba moja London: Livingstone, Jackson na John Peake. Mwaka 1975 walianzisha Games Workshop, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza mbao za michezo ya kale, ikiwemo ya ukoo wa bao letu. Nilipolijua hilo nilifurahi kupita kiasi. Nakala ya kijarida chao, Owl and Weasel, ikafika Lake Geneva, na mchezo mpya ukawafikia wao. Wakaagiza nakala sita. Kwa nakala hizo sita walipewa haki ya kuwa wasambazaji pekee barani Ulaya kwa miaka mitatu. Kuna kipindi walikuwa wakilala kwenye gari baada ya kuondolewa kwenye nyumba ya kupanga, huku maagizo yakiendelea kuingia. Juni 1977 likatoka toleo la kwanza la White Dwarf, na Aprili 1978 wakafungua duka namba 1 Dalling Road, Hammersmith.

Duka hilo nimeingia kwa miguu yangu. Jumamosi moja ya mwaka 1983 kaka wa rafiki yangu alitupeleka, treni hadi Paddington, kisha treni ya chini kwa chini hadi Hammersmith, nami nina pesa zangu za Idi zimefungwa kwenye leso. Lilikuwa duka dogo. Ukutani visanamu vya risasi vimening'inizwa kwenye vifuko, mashujaa na mizuka ya urefu wa kidole, na hapakuwa na kishindo, maana kila aliyemo alikuwa anasoma. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wamesimama wanasoma majarida kwa makini kama watu walio kwenye foleni ya hospitali wanaosoma matokeo yao. Hakuna aliyeuliza nimetoka wapi. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: mtu wangu yuko daraja la ngapi? Nikamjibu daraja la tatu. Akatikisa kichwa kwa heshima, akanifungia toleo jipya kwenye mfuko wa karatasi.

Sasa nije kwenye ile safu ya White Dwarf waliyotokea githyanki. Iliitwa Fiend Factory, yaani kiwanda cha mashetani, na wa kwanza kuisimamia alikuwa Don Turnbull. Kila toleo ilichapisha madubwana yaliyotumwa na wasomaji. Kila dubwana lilikuwa na mchoro, kisha mistari yake: huonekana mangapi kwa pamoja, deraya yake ina ugumu gani (na hapo kadiri namba ilivyopungua ndivyo ugumu ulivyozidi, jambo lililomtatiza kila mgeni), mwendo wake, dadu zake za uhai, hazina yake, shambulio lake, na kama limeelemea wema au uovu. Halafu aya mbili tatu za maelezo, na mwishoni jina la aliyelituma. Jina la msomaji, lililochapwa.

Toleo la 12, la mwaka 1979, ndilo lenye githyanki. Aliyewatuma ni Charles Stross, mzaliwa wa Leeds, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza miaka kumi na mitano. Jina alilitoa kwenye riwaya ya George R. R. Martin ya mwaka 1977, akalipa watu wapya kabisa: taifa lililokuwa utumwani, likawapindua mabwana zake, likakimbilia kwenye ulimwengu mwingine likiwa na panga za fedha na chuki isiyokwisha. Mwaka 1981 yale bora ya safu ile yalikusanywa kwenye kitabu kiitwacho Fiend Folio, na githyanki akawekwa kwenye jalada. Stross alikua akawa mwandishi mashuhuri wa riwaya za sayansi. Kiumbe chake hakijafa hadi leo, kimefika kwenye kompyuta ya mpwa wangu.

Toleo hilo halikuwa la zama zangu. Nilipewa na yule kaka siku tuliyoondoka Reading. Lakini nilikuwa nimelisoma chumbani kwake mara nyingi sana, na kila mara nilirudia mstari uleule, ule wenye jina. Nilijiambia, kama mtoto wa Leeds ameweza.

Na hapo pananiuma kidogo, tena nitasema wazi. Katika kurasa zote zile sikuwahi kuona mtu wa rangi yangu. Walikuwapo wazungu wenye panga, wanawake wazungu walionyimwa nguo, mbilikimo, watu wa mijusi. Wenye ngozi nyeusi walikuwa drow, taifa la chini ya ardhi, weusi wa ngozi na waovu wa moyo, na kanuni ziliandika hivyo bila kuona tatizo. Rafiki yangu wa Kipunjabi alikuwa akimchora mpiganaji wake na kilemba, kimyakimya, kwenye kona ya karatasi. Mimi wangu sikumchora uso. Niliupenda mchezo ule kwa moyo wote na ulikuwa haunijui.

Labda ndiyo sababu nilipopewa zamu ya kuwa mtambaji, mwaka 1984, sikuchukua dubwana la jarida lolote. Nilichukua zimwi la Bibi.

Mtu wa pwani anaijua ngano ile. Wasichana wanakwenda kuokota simbi ufukweni, mmoja anasahau ya kwake, anarudi peke yake, zimwi linamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Kisha linazunguka vijijini. Likipiga ngoma, mtoto anaimba, watu wanastaajabu na kulilisha. Niliandika kila kitu kwenye daftari la jalada la kijivu, kwa mistari ileile ya jaridani. Huonekana: moja. Ugumu: 3. Mwendo: wa polepole. Dadu za uhai: sita. Shambulio: kucha na pumzi yenye harufu ya samaki. Nikaongeza kanuni moja niliyoifikiria wiki nzima njiani kwenda shule: maadamu ngoma iko begani mwa zimwi, kila jeraha linalolipata, anayelisikia ni mtoto.

Tulicheza kwetu, meza ya jikoni, mvua inanyesha. Mama alikuwa jikoni kwa makusudi. Wiki iliyotangulia alikuta ukurasa wenye picha ya pembe na mkia, akasema "Astaghfirullah, mwanangu, hiki ni nini unachokisoma?" na Marekani wakati ule walikuwapo wazazi na wahubiri waliopiga kelele kwamba mchezo ule ni ibada ya shetani. Mama hakupiga kelele. Alisema basi chezeni hapa niwasikie.

Tulikuwa watano: mimi, rafiki yangu na kaka yake, na Waingereza wawili wa shuleni, mmoja wao mtoto wa dereva wa basi, mkimya ajabu. Kaka, aliyekuwa mpiganaji, hakungoja. Zimwi lilipoingia kijijini tu akachomoa upanga, akarusha dadu, akapata. Nikasema: umelijeruhi bega. Sauti ndani ya ngoma imelia.

Meza ikanyamaza. Nikaendelea: zimwi linacheka, linapiga ngoma tena. Nikagonga meza kwa ngumi, du, du, du.

"Halipigi hivyo," Mama akasema nyuma yangu kwa Kiswahili. Alikuwa ameshika sufuria. Akaipindua juu ya meza katikati ya karatasi zetu, akaipiga kwa ncha za vidole, laini, mapigo ya Bibi hasa, huku akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa mtoto wa ndani ya ngoma. Hakuna mwenzetu aliyejua maana ya neno hata moja. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza akachukua sufuria yake akarudi kuosha mchele.

Ndipo yule mtoto wa dereva wa basi akasema: "Mimi naingia."

Unaingia wapi?

"Kwenye ngoma. Usiku likilala. Mtoeni mtoto, niingie mimi."

Nikamwambia utafungiwa humo. Akasema anajua. Nikafungua kitabu cha kanuni, nikatazama faharasa, nikapekua na majarida mawili yaliyokuwa karibu. Hapakuwa na kanuni ya mtu kuingia ngomani badala ya mtoto. Bibi mwenyewe hakuwahi kunisimulia hivyo: kwake, wanakijiji humtoa mtoto zimwi likiwa limelala, wakajaza nyuki na nyoka. Ilinibidi niitunge kanuni pale pale, mikono inatetemeka. Rusha dadu ya pande ishirini, nikasema. Ukipata kumi na tatu au zaidi, unaweza kuvumilia mapigo bila kutoa sauti.

Dadu ikaviringika ikagonga bakuli la sukari, ikasimama. Kumi na sita.

Asubuhi zimwi likaita watu, likapiga. Kimya. Likapiga tena. Watu wakaanza kunong'onezana. Likafungua ngoma kwa hasira, na mtoto wa dereva wa basi, ambaye kwa mwaka mzima shuleni sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akasimama juu ya kiti chake.

Tulirudi Tanga mwaka 1985. Sanduku la bati lilikuja na meli. Majarida mapya hayakuja tena. Kulilipia jarida la Uingereza ulihitaji fedha za kigeni, na miaka ile fedha za kigeni hata za vipuri vya trekta zilikuwa za kuombea kibali. Niliyarudia yaleyale mpaka nikayajua kwa moyo, hata matangazo madogo ya nyuma, vijana wa miji nisiyowahi kufika wanaotafuta wenzao wa kucheza nao Jumapili, mithili ya zile safu za marafiki wa kalamu katika magazeti yetu. Nilikuwa nikiwaza kama walipatana.

Mwezi wa pili dadu ya pande ishirini ikadumbukia kisimani. Nikakata vikaratasi ishirini, nikaviandika namba, nikavitia kwenye kofia ya Baba, tukawa tunachomoa. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, dadu zilipoadimika, TSR wenyewe waliuza visanduku vyenye vipande vya kadibodi vyenye namba, uvikate na kuvichomoa kwenye kikombe.

Jioni moja nikawachezesha zimwi wenzangu watatu wa mtaani, barazani kwa Bibi. Haikwenda kama Reading. Hawa ngano wameinyonya na maziwa. Kabla zimwi halijafika kijijini wamekwisha kusema wanakwenda kutafuta mzinga wa nyuki. Nyuki wakapatikana, ngoma ikafunguliwa usiku, zimwi likaumwa likakimbilia baharini, wenzangu wakapigana makofi ya mabegani. Nikafunga daftari.

"Na mtoto?" Bibi akauliza. Alikuwa ameketi pembeni anasuka ukili, nilidhani hatusikilizi.

Mtoto ameokoka, Bibi.

"Ameokoka wapi? Mmemtoa ngomani usiku, mkamwacha wapi?"

Tukatazamana. Nikakumbuka Reading. Kule nako tulimsahau. Tulimshangilia shujaa, mtoto tukamwacha gizani nje ya kijiji. Wenzangu wakasema basi, tunarudi tunamchukua, tunampeleka kwao.

Bibi akaweka ukili chini. "Mimi ndiye mtoto," akasema. "Nimejificha juu ya mti. Siku zote hizi kila anayeniita alikuwa zimwi. Sishuki. Niambieni kwanza majina ya wazazi wangu."

Hakuna mtambaji aliyewahi kunibana hivyo, wala mchezaji. Wenzangu walizunguka kijijini kwa nusu saa nzima wakiuliza mlango kwa mlango, nami natunga watu mmoja baada ya mwingine, mvuvi, mke wa mvuvi, muuza mihogo, mpaka mwito wa magharibi ulipotukatiza.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 White Dwarf lilikuwa limebadilika, likawa la visanamu vya kampuni yake na vita vyake tu, na safu ya madubwana ya wasomaji haikuwapo tena. Dragon lilichapishwa kwenye karatasi hadi Septemba 2007, toleo la 359. Habari hizo zote zilinifikia zimechelewa, kama zinavyochelewa habari za msiba wa ng'ambo, nami nililia kidogo kwa lile la 2007, mtu mzima na kazi yangu. Leo kijana yeyote anaweza kuweka dubwana lake mtandaoni usiku huuhuu, na nayaona mazuri kweli. Ila hakuna anayemwandalia mchoraji, wala hakuna mwezi mzima wa kungoja kama jina lako litatoka.

Mpwa wangu alisoma toleo la 12 mpaka saa tisa usiku, kwa mwanga wa kompyuta aliyoisahau ikiwa wazi. Aliusoma ule mstari wa jina mara mbili, kwa kidole. Kisha akauliza juu ya daftari, nikampa, nikaenda kupika chai, maana usingizi ulikwisha kutoweka.

Niliporudi alikuwa amevimwaga vile vikaratasi ishirini mezani anavihesabu.

"Mjomba, mlimaliza?"

Hatukumaliza. Kesho yake mmoja alipelekwa Korogwe shuleni.

"Sasa wazazi wake waliitwa nani?"

Nikalifungua daftari ukurasa wa mwisho, ulioandikwa kwa mwandiko wangu wa kitoto. Muuza mihogo amewaelekeza nyumba ya mwisho karibu na mikoko. Basi. Chini yake ni mistari mitupu.

Akanyosha mkono kuomba kalamu.